Kapu la msimu: mteja analipa kabla ya kupanda, hasara mnagawana

Wasikilizaji wetu wa Karagwe, Kyerwa na Muleba hawahitaji kuelezwa butura ni nini. Ada ya shule inadaiwa, mgonjwa yuko hospitali, na kahawa bado iko kwenye maua. Anakuja mtu mwenye fedha mkononi, anainunua ikiwa mtini kwa bei anayoitaka yeye. Msimu ukifika, mwenye shamba anavuna mali ya mwingine. Viongozi wamekuwa wakiikataza mara kwa mara, lakini shida inayowapeleka watu huko bado ipo: mkulima anahitaji fedha kabla ya mavuno.

Ndiyo maana tunapozungumza hewani kuhusu wakulima wa mboga wanaolipwa na wateja kabla ya kupanda, swali linalofuata ni moja: je, hiyo si butura kwa jina jingine? Hapana, na tofauti yake ni kubwa.

Unavyofanya kazi

Familia kadhaa zinakubaliana na mkulima mmoja. Kila familia inalipia sehemu yake ya mazao ya msimu mzima, kabla ya kupanda au kwa awamu. Mavuno yakianza, kila wiki, siku ile ile na mahali pale pale, kila familia inachukua kapu lake. Ndani yake kuna kilichokomaa wiki hiyo: mchicha, karoti, kabichi, nyanya, maharage mabichi. Hapa tutauita mfumo huu "kapu la msimu".

Japani ilianza mapema. Miaka ya 1970, akina mama wa mijini waliingiwa na hofu ya dawa za viwandani kwenye chakula cha watoto wao, wakaenda kuzungumza na wakulima moja kwa moja. Wao huuita teikei, yaani ushirikiano. Mwaka 1986 mashamba mawili ya Marekani, moja Massachusetts na jingine New Hampshire, yalianza kuuza hisa za mavuno kwa majirani. Ufaransa, wakulima wa karibu na mji wa Toulon waliuona mfumo huo Marekani, wakauanzisha kwao mwaka 2001. Vikundi vya huko vinaitwa AMAP.

Hesabu yake

Bei ya kapu haianzi sokoni, inaanza kwenye gharama za shamba. Tuchukue mfano wa kujifunzia. Mkulima ana bustani ndogo yenye maji ya kumwagilia. Kwa msimu mmoja anahitaji:

- Mbegu na miche: shilingi 120,000
- Samadi na dawa: 180,000
- Vibarua: 300,000
- Maji na usafiri: 150,000
- Malipo yake mwenyewe: 450,000

Jumla ni 1,200,000. Akiwa na familia 10, kila moja italipa 120,000. Makapu yakiwa ya wiki 12, ni shilingi 10,000 kwa wiki. Kabla ya kukubaliana, pitieni sokoni muone mboga za kapu kama hilo zinauzwaje. Kama tofauti ni kubwa mno, hesabu irudiwe.

Angalia mstari wa mwisho wa orodha. Wengi wetu tukipiga hesabu za shamba huwa hatujilipi. Hapa jasho la mkulima linahesabiwa tangu mwanzo.

Tofauti na butura

Ya kwanza ni bei. Kwenye butura, anayepanga bei ni mwenye fedha, naye anajua una shida. Kwenye kapu, bei inatokana na gharama ambazo pande zote mbili zimeziona.

Ya pili, na ndiyo kubwa, ni hasara. Mvua ya mawe ikipiga kabichi, mkulima hadaiwi. Kapu la wiki hiyo linakuwa dogo, na familia zote zinapokea kilichobaki. Mavuno yakiwa mengi, kapu nalo linajaa bila nyongeza ya bei. Mteja hanunui kilo za kabichi; ananunua sehemu ya msimu, mzuri au mbaya.

Kwa hiyo mteja naye anahitaji kulindwa. Nyanya zikipanda bei sokoni, kishawishi cha kuziuza pembeni na kuwaambia wanachama kwamba zimeoza ni kikubwa. Ikitokea mara moja tu, imani imekwisha. Wanachama wawe na ruhusa ya kutembelea shamba, na mkulima atoe taarifa mapema kwa simu, hata ikiwa mbaya.

Andikeni haya

Makubaliano ya mdomo hayatoshi. Karatasi moja iseme:

- Makapu ni ya wiki ngapi, na yanaanza lini.
- Mazao gani yanatarajiwa.
- Malipo ni kiasi gani na kwa awamu zipi. Kwa mfano wetu, 60,000 kabla ya kupanda na 60,000 siku ya kapu la kwanza.
- Kapu linachukuliwa wapi, na asiyefika kapu lake linakwenda kwa nani.
- Zao likiharibika itakuwaje, na mkulima akiugua nani ataendelea.

Asiye na fedha za mkupuo asiachwe nje. Marekani yapo mashamba yanayomruhusu mwanachama kulipia kapu kwa kufanya kazi shambani saa kadhaa kwa wiki. Huku kwetu tunajua kulipana kwa jembe.

Unamfaa nani?

Unamfaa mkulima wa mboga mwenye maji ya uhakika, aliye karibu na watu wanaonunua chakula kila wiki: walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa Bukoba mjini, Kayanga au Muleba. Kwa kahawa haufai, kwa sababu haiingii kwenye kapu la wiki. Lakini fedha ya mboga iliyopatikana mapema inaweza kulipa ada, na kahawa ikabaki mtini mpaka iive.

Usipande kila kitu siku moja. Mchicha huwa tayari ndani ya wiki tatu hadi nne, kabichi na karoti huchukua karibu miezi mitatu. Pandikiza miche ya kabichi mapema kabla ya wiki ya kapu la kwanza, na mchicha upande upya kila baada ya wiki mbili.

Anza na familia tano unazozijua, kwa msimu mmoja. Ukikusanya fedha za watu 30 na bustani yako inalisha 10, utakuwa umejiingiza kwenye deni lile lile ulilokuwa unalikimbia.