Unga wenye foliki asidi

Unga wenye foliki asidi ni unga wa ngano au mahindi uliochanganywa kiwandani na foliki asidi (vitamini B9), pamoja na madini ya chuma, zinki na vitamini B12. Tanzania iliweka kanuni za kuulazimisha mwaka 2011. Foliki asidi hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Mrija wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, mara nyingi mama akiwa bado hajajua kuwa ana mimba. Vidonge vya foliki asidi vya kliniki humkuta amechelewa. Shirika la Afya Duniani hushauri mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku kabla ya mimba. Chapati ya unga wa kiwandani huweza kuwa na kinga hiyo. Sembe ya mashine ya mtaani kwa kawaida haina, na hapo ndipo penye pengo kubwa.