Bukavu–Kinshasa: saa mbili kwa ndege, miezi sita na zaidi kwa miguu

Kutoka Luberizi hadi Kinshasa, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi kidogo ya kilomita 1,500. Kutoka Bukavu ni karibu vilevile. Ndege ya jeti inaimaliza njia hiyo kwa saa mbili hivi. Tena saa ya mkononi inadanganya: Kinshasa iko nyuma ya Kivu kwa saa moja, basi msafiri aliyeruka saa nne asubuhi alishuka Ndjili saa tano. Siku ya kurudi, saa hiyo aliilipa.

Wazee wa bonde la Ruzizi walijua hesabu nyingine. Wakati wa Wabelgiji, Bukavu ikiitwa Costermansville na Kinshasa Léopoldville, msafiri alipanda meli akaukwea mto Kongo mpaka Kisangani, kilomita 1,700 za maji, nyingi kuliko safari nzima ya ndege. Hapo bado hajaiona Kivu. Alibadilisha treni na meli, meli na treni, hadi Kalemie, akavuka Tanganyika kufika Uvira. Kisha kulikuwa na reli ndogo, ambayo vijana wengi leo hawaamini kama ilikuwapo, iliyopita katika bonde hili kutoka Uvira hadi Kamanyola. Kutoka Kamanyola ni gari na milima. Safari ilikula majuma.

Kuna waliopima umbali huo kwa miguu. Mwisho wa Oktoba 1996 Uvira na Bukavu zilianguka mikononi mwa AFDL. Tarehe 17 Mei 1997 wapiganaji wake waliingia Kinshasa, miezi sita na nusu baadaye. Katika safu zao walikuwamo watoto wa Kivu walioitwa kadogo, na sehemu kubwa ya njia waliitembea. Wengine hawakurudi, na jamaa zao hawakuonyeshwa kaburi.

Halafu ikaja Februari 2025. Tarehe 14 M23 ilichukua uwanja wa Kavumu, siku mbili baadaye ikaiteka Bukavu. Goma ilikuwa imeanguka tangu Januari, na uwanja wake ulikuwa umefungwa. Kilomita hazikuongezeka hata moja, lakini njia ya Kinshasa ikageuka: mtu wa Bukavu alivuka Ruzizi, akapanda basi siku nzima hadi Kigali, akaruka mashariki kwenda Nairobi au Addis Ababa, ndipo arudi magharibi. Nairobi–Kinshasa peke yake ni kilomita 2,400 hivi.

Kwa mfanyabiashara hiyo ni hasara ya pesa. Kwa jamaa iliyohama, yenye mtoto anayesoma Kinshasa au mgonjwa anayengojewa huko, ni jambo lingine. Zamani kadi ya mpiga kura ilitosha kupanda ndege Kavumu. Kwa njia hii mpya, Mkongo anayekwenda katika mji mkuu wa nchi yake anaombwa pasipoti.