Kani ya Kuzungusha: Dizeli Inavyovuta Kabla ya Kukimbia

Katalogi ya Mazda Atenza ya steshenwagoni, gari lililoanza kuuzwa Japani Novemba 2012, inaweka injini mbili sambamba. Moja ni ya petroli, lita 2.5, nguvu za farasi 188. Nyingine ni ya dizeli, lita 2.2, nguvu za farasi 175. Mnunuzi ambaye swali lake ni moja tu, "Ina farasi wangapi?", atachukua ya petroli bila kusita. Sasa mpe magari yote mawili ayapandishe mlima kutoka Mai Mahiu hadi Kimende, huku Kenya, watu wanne ndani na magunia ya viazi nyuma. Akifika juu ataifungua tena katalogi akidhani mchapaji alibadilisha tarakimu.

Mchapaji hakukosea. Jibu limo katika mstari ulio chini ya ule wa farasi, ule ambao wengi wetu tunauruka: petroli 250, dizeli 420. Kipimo ni nyutoni-mita. Kwa Kiingereza mstari huo huitwa torque, na mafundi wetu wakauchukua hivyo hivyo wakauita toki. Katika Kiswahili cha vitabuni haujapata jina moja ambalo mwalimu, mhariri na fundi watalitamka bila mmoja wao kukunja uso. Nadhani ndiyo maana tunauruka. Kisicho na jina hakiulizwi bei.

Gari la dizeli nililoendesha lilikuwa jipya kwa maana yetu, si kwa maana ya Wajapani. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo linalostaafu Yokohama huja kuzaliwa upya Mombasa, likapewa namba, likaoshwa, na jirani wakaja kulitazama. Ukiliwasha asubuhi na baridi, unasikia ule mgongano wa dizeli, ingawa umetulia kuliko ulivyozoea kwa pikapu za shambani. Ukifunga mlango, karibu wote unabaki nje. Usukani nao unakuambia mapema kwamba pua ni nzito: injini ya dizeli hujengwa kwa chuma kinene zaidi ili istahimili msukumo wa ndani, na kwenye kona kali uzito huo hauna pa kujificha.

Lakini somo lenyewe ni la mguu. Uko nyuma ya lori linalotambaa, mbele kumefunguka, unakanyaga mafuta. Kwa kitambo kifupi hakuna kinachotokea. Halafu kiti kinakusukuma mgongoni. Mshale wa mizunguko umesimama karibu na 2,000, giaboksi haikushusha gia hata moja, injini haikupandisha sauti, na lori tayari liko kwenye kioo cha nyuma. Dereva wa petroli hushtuka, na kinachomshtua si kasi. Maisha yake yote kuna mlio uliomtangulia kumwambia kwamba kasi inakuja, na leo kasi imekuja bila mpiga mbiu. Siku za mwanzo mguu unazidisha. Unakanyaga kwa kipimo cha petroli, gari linaruka kuliko ulivyotaka, unaachia, linanyong'onyea, abiria wanaanza kukutazama. Kisha mguu unajifunza kuagiza kidogo na kusubiri.

Ili kuelewa kinachosukuma kiti, mtazame utingo akifungua gurudumu la lori kando ya barabara. Nati imegoma. Amesimama juu ya mpini wa spana kwa uzito wake wote, haisogei. Anachukua bomba la chuma, analichomeka kwenye mpini ili urefuke, anakanyaga tena, nati inaachia kwa kishindo. Uzito wake haukuongezeka wala nati haikulegea yenyewe. Kilichoongezeka ni umbali kati ya mguu wake na katikati ya nati. Toki ni hiyo: kani unayoisukuma, mara umbali kutoka mahali panapozungushwa. Nyutoni-mita 420 ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 42.8 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita moja. Katalogi za Kijapani huandika tarakimu hiyo ya 42.8 palepale, kwa kipimo chao cha zamani. Ndani ya injini, pistoni ndiyo mguu wa utingo na mkono wa krenki ndio mpini.

Nguvu za farasi ni hesabu nyingine, na inatokana na hiyo ya kwanza: toki ikizidishwa kwa wepesi wa kuzunguka. Farasi wa katalogi ya Kijapani ni wati 735.5. Chukua dizeli kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, mahali inapofikia kilele chake cha nyutoni-mita 420. Inatoa kilowati 88, yaani farasi wapatao 120. Petroli kwenye mizunguko ileile haiwezi kuzidi farasi 71, hata tukiipendelea na kuipa nyutoni-mita zote 250, ambazo kwa kweli haizifikii mpaka mizunguko 3,250. Hao farasi 188 iliojisifia wako mbali, kwenye mizunguko 5,700, mahali ambapo dereva wa kawaida hafiki wiki nzima. Wale 175 wa dizeli wako 4,500, na hata huko si lazima uwafuate, kwa sababu ulichohitaji ulikipata zamani.

Hapa lazima niwapinge wenzangu wa dizeli, ambao husema toki ndiyo inayopanda mlima na farasi ni wa matangazo. Si kweli. Giaboksi ipo kwa ajili hiyohiyo ya bomba la utingo. Ukishusha gia mbili kwenye gari la petroli ukaiacha injini ilie, toki inayofika kwenye magurudumu inaongezwa na gia, na gari linapanda vizuri. Kwa mashindano ya mguu chini mpaka kileleni, katika nchi iliyo karibu na usawa wa bahari, magari haya mawili yasingeachana sana. Tofauti ni kwamba la petroli linadai ulipiganie, na la dizeli lina akiba yake pale ulipo. Kwa steshenwagoni, gari lililoundwa kubeba watu na mizigo kwa safari ndefu, hiyo si tofauti ndogo. Nani anataka injini ilie saa tatu mfululizo na mtoto amelala nyuma?

Nimesema usawa wa bahari kwa makusudi. Barabara ya Mai Mahiu, iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano walioacha kanisa lao dogo kando yake, inapanda mpaka juu ya mita 2,000. Kwenye mwinuko huo hewa ina uzito wa takriban asilimia 82 tu ya hewa ya Mombasa. Injini isiyo na tabo, kama ile ya petroli, huvuta pumzi hiyohiyo nyepesi, na zile 250 zinashuka kuelekea 205. Dizeli yetu ina tabo mbili, ndogo ya mizunguko ya chini na kubwa ya mizunguko ya juu, na kazi yake ni kushindilia hewa ndani ya silinda bila kujali sana huko nje kuna hewa ya wapi. Ndiyo maana pengo unalolisikia huko juu Limuru ni pana kuliko lile la katalogi, na ndiyo maana mtu wa Tanga na mtu wa Nyahururu wanaweza kulisifia gari moja kwa maneno tofauti na wote wakawa wakweli.

Tabo peke yake haitoshi kuwa maelezo, kwa kuwa siku hizi hata petroli zina tabo. Dizeli haiwashwi kwa cheche. Hewa inabanwa mpaka inapata joto la kuunguza mafuta yanaponyunyizwa. Petroli ikibanwa na kushindiliwa kupita kiasi hulipuka kabla ya wakati na kugonga pistoni, kwa hiyo mhandisi lazima aiwekee mpaka. Dizeli haina mafuta ndani ya hewa inayobanwa, basi haina hofu hiyo. Inaweza kushindiliwa sana. Cha ajabu kwenye injini hii ya Mazda ni kwamba wahandisi walipunguza mbano badala ya kuuongeza. Ni 14 kwa 1, wakati dizeli nyingi za magari madogo zilikuwa 16 au zaidi, na ile petroli ya soko la Japani ilikuwa 13. Kwa mbano mdogo waliweza kupunguza uzito wa chuma na kutuliza ule mgongano.

Turudi kwenye jina. Neno la Kiingereza lenyewe si la kale. Lilipendekezwa na James Thomson, kaka wa yule mwanafizikia Lord Kelvin, likachapishwa mwaka 1884, na Silvanus Thompson akalitumia mwaka huohuo katika kitabu chake cha mashine za umeme. Wote wawili walihitaji neno fupi kwa jambo ambalo awali lilitajwa kwa kifungu kizima cha maneno. Walilitoa kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusokota. Kwa hiyo hata Waingereza waliishi na injini za mvuke zaidi ya karne moja wakiwa katika hali yetu, na hatuna sababu ya kuona haya.

Njia rahisi ni kubaki na toki. Ni fupi, mafundi wanaijua, inakubali viambishi vyetu. Kasoro yake ni kwamba pwani na visiwani toki ina kazi yake: toki jana, toki asubuhi, yaani tangu. "Injini haina toki" ukiisema Unguja mtu atasubiri umalizie sentensi. Wengine, kwa kufuata Kilatini, wangependa msokoto. Ni neno zuri, lina kamba na mkono ndani yake. Lakini msokoto mitaani ni sigara ya bangi, na sitaki kuwa mwalimu atakayeliambia darasa la kidato cha tatu kwamba gari lake lina msokoto mkubwa.

Kuna mvuto, kwa sababu madereva husema gari "linavuta" au "halivuti", na usemi huo umegusa hasa kile kiti kinachokusukuma. Bahati mbaya fizikia imeshaupa mvuto kazi ya kuangusha maembe, na mvuto wa gari kwa msomaji wa kawaida ni rangi yake na umbo lake. Kitenzi kibaki kwa madereva, hakuna aliye sahihi kuliko wao. Jina tulitafute kwingine.

Kifungu kimoja kinachotumika katika maandishi ni nguvu ya mzunguko. Nina malalamiko mawili juu yake. La kwanza ni neno nguvu. Kiswahili cha kila siku kinaliweka kila mahali, na tayari tumelitoa kwa nguvu za farasi. Ukiandika kwamba dizeli ina nguvu ndogo ya farasi na nguvu kubwa ya mzunguko, msomaji ataona nguvu mara mbili na kudhani unajipinga. Jambo ambalo makala nzima ilikusudia kulitenga umelichanganya kwenye neno la kwanza. La pili ni mzunguko. Mzunguko ni tendo lililokwisha kuwapo: kitu kinazunguka. Mrudie utingo kabla hajachukua bomba. Amesimama juu ya mpini, nati haijasogea hata unywele. Mzunguko hakuna. Toki ipo, na ni nyingi kiasi cha kupinda spana.

Na hapo ndipo sarufi yetu inatupa kitu ambacho Kilatini hakina. Zunguka na zungusha zinatofautiana kwa kiambishi kimoja, na kiambishi hicho ndicho fizikia yote ya jambo hili. Inayozunguka ni nati. Anayezungusha, au anayejaribu, ni utingo. Kwa hiyo mimi huandika kani ya kuzungusha. Kani, neno ambalo vitabu vya fizikia vya Kiswahili vimekwisha kulitenga na nguvu. Kuzungusha, kwa sababu ni uwezo wa kufanya kitu kizunguke, kizunguke kisizunguke. Mwanafizikia mkali atasema toki si kani, ni kani mara umbali, na kwamba jina lake la darasani ni momenti. Ana haki. Kwa mtihani aandike momenti. Kwa anayesoma katalogi akitaka kujua kama gari litamfikisha Kimende na viazi, nyutoni-mita iliyo mbele ya macho yake inamwambia umbali umo, na jina halilazimiki kubeba kila kitu.

Lina urefu, hilo nakubali. Litapimwa pale ambapo sentensi haina nafasi ya madoido, kwa mfano katika kitabu cha mwongozo cha gari hilohilo: "Kaza nati za magurudumu kwa kani ya kuzungusha ya Nm 108 hadi 147." Inasomeka. Fundi atamwambia msaidizi wake azipige toki ya 120, na zitakazwa sawasawa.