Cheti Kilipoandikwa na Mahali Mtu Anapoishi

Kanuni ya Familia ya Kongo, iliyotolewa tarehe 1 Agosti 1987 na kurekebishwa mwaka 2016, ina vifungu viwili ambavyo mtu wa Butembo au Beni, miji ya Kivu Kaskazini, anafaa kuvisoma pamoja. Kifungu cha 64 kinakataza kubadili jina, tahajia yake au hata mpangilio wa sehemu zake, ila kwa ruhusa ya mahakama ya amani, ile ambayo mjini huitwa Tripaix, ya mahali anapokaa mwombaji. Kifungu cha 106 kinampa asiye na cheti nafasi ya kupata hukumu ya kushika nafasi ya cheti hicho, lakini ombi linapelekwa kwenye mahakama ya mahali ambapo cheti kingepaswa kuandikwa. Marekebisho ya kosa nayo huvutwa kule kule, kwa kuwa hukumu lazima inukuliwe pembeni mwa ukurasa wa rejista ya zamani. Kwa hiyo sheria moja inamfuata mtu anapohama, na nyingine inamrudisha ilipo karatasi. Hoja yangu ni kwamba historia ya nchi ya Wanande, wenyeji wa miji hiyo, inaipa nguvu ile ya kwanza, na kwamba hata kosa la cheti linaloonekana dogo lingestahili kusikilizwa anapoishi mwenye cheti.

Makosa yenyewe mengi hayakutokana na uzembe wa wazazi. Chini ya utawala wa kikoloni, Kanuni ya Raia ya 1895 iliwahudumia kwanza wageni, huku kumbukumbu za wenyeji wengi zikibaki kwenye vitabu vya ubatizo, hasa baada ya wamisionari Wakatoliki wa shirika la Waasumpsionisti kufika Kongo mwaka 1929. Kisha mwaka 1972 Rais Mobutu akapiga marufuku majina ya Kikristo kwa sera yake ya uasilia. Tangu hapo mtu mmoja alikuwa na karatasi mbili zisizokubaliana: parokia ilimjua kwa jina la ubatizo, na serikali ilimjua kwa jina la ukoo au la kuzaliwa. Na majina ya kuzaliwa ya Wanande hufuata mpangilio wa watoto: Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Masika ni msichana wa kwanza. Kambale wako maelfu. Kinachomtofautisha Kambale huyu na yule ni jina la pili, na hilo ndilo ambalo karani aliyezoea Kifaransa au Kilingala huliandika kama alivyolisikia. Herufi moja ikikosewa pale, cheti kinakuwa cha mtu mwingine. Kwa jamii yenye majina machache yanayogawanywa kwa wengi, tahajia ndiyo mpaka kati ya mtu na mtu, nami sioni haki katika kulichukulia kosa hilo kama jambo dogo.

Mahali napo pamehama. Butembo ilikuwa ndani ya teritwari ya Lubero kabla ya kupewa hadhi ya jiji mwaka 2003, mwaka ambao Beni nayo iliipata. Utemi wa Bashu uko teritwari ya Beni na ule wa Baswagha uko Lubero, na mipaka yake inakutana karibu na Butembo. Mtoto wa kijiji cha huko alizaliwa wapi kisheria? Jibu linategemea mwaka unaoulizia, nalo huenda lisilingane na jina la ofisi inayoshika rejista leo. Ongeza miaka ya 1999 hadi 2003, ambapo waasi wa RCD-K/ML waliendesha utawala wa eneo hili. Ongeza pia mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, yaliyowatoa watu wa Oicha, Eringeti na vijiji jirani. Kumwambia mkimbizi aliyefika Butembo arudi kilomita 54 hadi Beni, au kupita Beni kuelekea kaskazini, kwa ajili ya herufi moja ni kumtoza gharama ya vita ambavyo hakuvianzisha. Ilhali, kwa kifungu cha 64, hakimu wa Butembo anaweza kumruhusu mtu huyo huyo abadili jina lake zima.

Pingamizi zito zaidi ni udanganyifu, na katika Kivu Kaskazini si hofu ya bure. Sheria ya uraia ya 1972 iliwapa baadhi ya watu uraia, ile ya 1981 ikawaondolea, na mpaka sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 karatasi ya kuzaliwa ilikuwa silaha katika ugomvi wa nani ni Mkongomani. Mwenye nia mbaya atachagua mahakama asikojulikana. Pia rejista ndiyo ushahidi, nao wazee na majirani wanaoshuhudia wako kule. Yote haya ni kweli, lakini yanahusu namna ya kuthibitisha, si lazima mahali pa kuomba. Ombi la kujazia cheti tayari hupelekwa kwa mwendesha mashtaka, ambaye anaweza kuulizia kitabu huko kilikotoka. Hakimu wa makazi akisikiliza, ofisi ya asili ikatoa nakala, na hukumu ikapelekwa ikanukuliwe pembeni, kitabu kinabaki mahali pake na mtu hakusafiri. Kosa linalogusa ukoo au uraia lingeweza kubaki kwenye mahakama ya asili. Herufi, tarehe na mpangilio wa majina havihitaji ulinzi huo.

Wengine watasema tatizo kubwa ni kutosajiliwa kabisa. Uchunguzi wa kaya uitwao MICS wa 2017–2018 ulikuta takriban asilimia 40 tu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamesajiliwa, ingawa sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inatoa siku 90 za kumsajili. Mimi naona matatizo haya yanashikana: mzazi ambaye cheti chake mwenyewe kina jina lisilo lake atasitasita kumwandikisha mwanawe. Wala utawala wa kijeshi si kizuizi: ulipoanza Mei 2021 ulihamishia kesi za jinai kwenye mahakama za kijeshi, lakini kesi za kiraia zilibaki kwa mahakimu wa kawaida. Meza ya hakimu wa Butembo ipo, na mwenye cheti chenye kosa yuko mtaani kwake.