Kipima upepo cha boti kinaonyesha sifuri? Angalia hivi kabla ya kupanda mlingoti

Tanga limejaa, maji yanaruka mpaka omo, halafu skrini inakwambia upepo ni sifuri. Au inasema noti 8 wakati masikio yako yanakwambia ni 20. Hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi, maana upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo kwenye tanga unakuwa mara nne. Ukichelewa kupunguza tanga kwa sababu umeiamini namba, kuna kitu kitachanika au kuvunjika.

Usikimbilie kupanda juu. Mara nyingi shida iko chini.

Anza na dalili. Kipimo cha kawaida kina vikombe vitatu vinavyozunguka kupima kasi, na kishale kinachopima mwelekeo. Mwelekeo ukiwa sawa lakini kasi ni sifuri, basi umeme unafika. Chukua darubini utazame vikombe. Kama havizunguki, beringi zimekwama kwa chumvi, au vimevunjika (huku kwetu pwani kunguru wanapenda sana kutua pale juu). Kama vinazunguka na bado ni sifuri, shuku waya wa kasi. Na skrini ikionyesha vistari tu bila namba yoyote, taarifa haifiki kabisa.

Sasa nenda kwenye kiungio cha waya chini ya mlingoti. Hapa ndipo pa kupekua kwa makini. Maji ya mvua na chumvi hushuka na waya mpaka kwenye kiungio, shaba inashika kutu ya kijani, namba zinaanza kurukaruka, hasa boti ikilala upande. Fungua, kata sehemu iliyooza, unganisha upya na uzibe vizuri. Acha waya upinde kwa chini kabla haujaingia kwenye boksi, ili maji yadondoke nje.

Kama una mita, pima nyuma ya skrini ikiwa imewashwa. Kwa vipimo vya zamani vya analogi vya Raymarine, waya mwekundu ukipimwa na ule usio na ganda unatakiwa kutoa kama volti 8. Ukikosa, chomoa waya wa mlingoti upime tena kwenye skrini yenyewe. Volti zikirudi, kuna shoti kwenye waya, kiungio au kipimo cha juu. Zisiporudi, mgonjwa ni skrini, na kupanda mlingoti kungekuwa kazi bure.

Boti yenye mtandao wa NMEA 2000, zima umeme kwanza, kisha pima ukinzani kati ya nyaya mbili za data. Ukipata omu 60 hivi, mtandao uko sawa. Ukipata 120, kizuizi cha mwisho mmoja kimetoka au kimekufa.

Kuna kesi moja inawachanganya wengi: upepo unaousikia ukiwa kwenye boti unasomeka vizuri, ila upepo halisi hauleti maana. Hapo usilaumu kipimo cha juu. Kompyuta huhesabu upepo halisi kwa kutumia pia kasi ya boti majini, na boti ikikaa nangani wiki kadhaa, kigurudumu kidogo chini ya boti kinaota uchafu na kukwama. Kisafishe kwanza.

Ikibidi kupanda, fanya maji yakiwa yametulia, kwa kiti na kamba mbili, na mtu wa kukushika chini. Funga kipimo kwa uzi kabla ya kukichomoa. Ukishakirudisha, endesha kwa injini moja kwa moja kuukabili upepo; mwelekeo usiposoma sifuri, rekebisha kwenye menyu.

Spea haijafika? Funga uzi wa sufu kwenye waya wa pembeni wa mlingoti, kila upande mmoja. Kasi hautakwambia, ila mwelekeo utauona.