Je, Binadamu Huzaliwa Mwema au Mwovu? Mjadala wa Kale wa Uchina

Kila zinapotufikia habari za vita na mauaji, hakosekani wa kusema kuwa binadamu ni mwovu kwa asili yake. Na kila tusikiapo habari za mtu aliyejitosa mtoni kumwokoa asiyemjua, hakosekani wa kujibu kuwa utu ungalipo. Ubishi huu si wa leo. Katika makala yetu tunarudi nyuma zaidi ya miaka 2,200, hadi Uchina ya kale, ambako swali hili lilihusu jambo zito: watu watawaliwe vipi?

Wanahistoria huziita zama zile zama za Madola Yanayopigana. Kuanzia karne ya 5 hadi mwaka 221 kabla ya Kristo (KK), Uchina haikuwa nchi moja. Madola saba makubwa yaligombea ardhi, na kila mfalme alitafuta wenye hekima wa kumshauri.

Mmoja wa wenye hekima hao alikuwa Mengzi, ambaye nchi za Magharibi zinamjua kwa jina la Mencius. Alizaliwa katika nchi ndogo ya Zou, kwenye jimbo la leo la Shandong, na katika karne ya 4 KK alieneza mafundisho ya Confucius. Mengzi alishikilia kuwa mtu huzaliwa na mbegu ya wema. Tuseme, alieleza, mtu anamwona ghafla mtoto mdogo akikaribia kutumbukia kisimani. Awe nani awaye, moyo wake utashtuka. Hashtuki kwa kutaka kujipendekeza kwa wazazi wa mtoto, wala kwa kutafuta sifa za majirani. Anashtuka kwa kuwa huruma imo ndani yake kabla hajapata nafasi ya kupiga hesabu.

Hoja hiyo Mengzi aliifikisha hadi mbele ya wafalme. Katika dola ya Qi alisikia kwamba Mfalme Xuan alimwona ng'ombe akipelekwa kuchinjwa kwa ajili ya kafara ya kengele mpya, akamhurumia kwa jinsi alivyokuwa akitetemeka, akaamuru achinjwe kondoo badala yake. Raia walisema mfalme ni bahili. Mengzi alimwambia kuwa moyo ule ule ungetosha kumfanya mtawala bora. Kisha akamuuliza: imekuwaje huruma yake imfikie ng'ombe, isiwafikie raia?

Waovu, basi, wanatoka wapi? Mengzi alitoa mfano wa mlima uliokuwa na msitu karibu na mji mkubwa. Mashoka yaliikata miti siku baada ya siku, na kila chipukizi lililoota likaliwa na mifugo, hadi mlima ukabaki kipara. Apitaye hapo hudhani kuwa mlima ule haukuwahi kuota mti.

Baada yake alitokea Xunzi, mzaliwa wa dola ya Zhao, naye pia mfuasi wa Confucius. Vita vya zama zake vilikuwa vya kutisha. Mwaka 260 KK jeshi la Zhao lilishindwa na dola ya Qin huko Changping, na mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika zaidi ya karne moja baadaye, anasimulia kuwa askari wapatao laki nne waliokwisha kujisalimisha waliuawa.

Xunzi alipinga waziwazi kauli ya Mengzi. Kwake yeye, mtu huzaliwa na tamaa na husuda, na akiachwa azifuate, mwisho wake ni ugomvi na fujo. Wema haumjii mtu wenyewe. Hupatikana kwa juhudi, kwa mwalimu na kwa adabu. Ubao uliopinda hunyooshwa kwa mvuke na kwa kubanwa, na chuma butu hupata makali kwa kunolewa. Wahenga wetu wangemwelewa upesi, maana nao walisema: samaki mkunje angali mbichi.

Lakini historia ina kejeli zake. Mwanafunzi wa Xunzi, Li Si, alikwenda kuitumikia Qin, dola ambayo tangu enzi za Shang Yang ilitawala kwa sheria kali, zawadi na adhabu. Li Si alishika nusu ya mafundisho ya mwalimu wake: kwamba watu ni wa kutiliwa shaka. Nusu ya pili, ile ya malezi, aliiacha. Mwaka 221 KK Qin iliiunganisha Uchina yote. Mwaka 213 KK, kwa shauri la Li Si, vitabu vilichomwa moto. Miaka mitano baadaye yeye mwenyewe alisingiziwa uhaini na towashi Zhao Gao, akapigwa hadi akakiri, akauawa hadharani katika soko la mji mkuu, Xianyang. Dola yenyewe ilianguka mwaka 206 KK, miaka 15 tu baada ya ushindi wake.

Mengzi, kwa upande wake, alikuja kupewa heshima kubwa. Kitabu chake kilikuwa miongoni mwa vinne vilivyokuwa msingi wa mitihani ya watumishi wa serikali kwa karne kadhaa, hadi mitihani hiyo ilipofutwa mwaka 1905.

Hata hivyo, tukiwasoma kwa makini wapinzani hawa wawili, tunaona walikubaliana katika jambo kubwa. Mengzi alisema kila mtu anaweza kuwa kama wafalme watakatifu wa kale. Xunzi naye akasema hata mpita njia wa kawaida anaweza kuwafikia. Mmoja aliona mche wa kutunzwa, mwingine ubao wa kunyooshwa, lakini wote wawili walimdai mzazi, mwalimu na mtawala wajibu wao. Asemaye kuwa watu ni wabaya, kisha akaishia kwenye fimbo, hana haki ya kujificha nyuma ya Xunzi. Na mara nyingi msemaji huyo husahau kujihesabu miongoni mwa watu hao, kama alivyosahau Li Si.