Changarawe ya tangi la mimea: ya ziwani au ya Tabora?

Ndugu zangu, Novemba 1857 Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora yetu, kwa njia ya misafara. Februari 1858 wakafika Ujiji. Huko Speke aliokota makombe ya konokono wa Ziwa Tanganyika, na mwaka 1859 mtaalamu Woodward akayaeleza kwa wanasayansi wa London.

Makombe yale ni chokaa. Mchanga wenye makombe unawafaa samaki wa ziwa lile, kwani maji yao ni magumu. Wapo hata wadogo wanaoishi ndani ya kombe. Ila mteja wa tangi la mimea usimuuzie. Chokaa huyeyuka polepole, maji yanakuwa magumu, na mimea mingi laini hudumaa.

Changarawe ya vijito vyetu imetokana na mawe ya graniti, haibadilishi maji. Chekecha ubaki na punje za ukubwa wa uwele hadi mtama. Ndogo zaidi hushikamana na kuinyima mizizi hewa. Osha mpaka maji yatoke meupe. Kisha kamulia ndimu: ikitoa povu, ina chokaa. Na kabla ya kuchimba, ulizeni serikali ya kijiji.